Eli Janney: Karani wa duka aliyeokoa mikono ya wafanyakazi wa reli

MNAMO Aprili 29, 1873, afisi ya serikali ya Marekani inayosajili uvumbuzi ilimpa Eli Hamilton Janney hataza nambari 138,405. Hakuwa mhandisi wala mhunzi. Alikuwa karani wa duka la vitambaa mjini Alexandria, jimbo la Virginia, na chombo alichokibuni alikianza kwa kuchonga vipande vya mbao kwa kisu wakati wa mapumziko ya mchana.

Chombo chenyewe ni kiungio cha mabehewa ya garimoshi. Zaidi ya miaka 150 baadaye, umbo lake lingali linaonekana kwenye reli za mabara kadhaa. Anayetazama mabehewa ya mizigo ya reli ya kisasa, SGR, iliyoanza kuhudumu kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, huona baina ya behewa na behewa ngumi mbili za chuma zilizoshikana vidole. Ngumi hizo ni uzao wa vile vipande vya mbao vya Alexandria.

Janney aliwaondoa maelfu ya wafanyakazi katika hatari ya kupondwa mikono na vifua kati ya mabehewa. Lakini hatari haikutoweka duniani kwa sababu ya hataza yake. Ilihama kutoka kwa mkono wa binadamu ikaenda kwa kidole cha chuma, na kidole hicho nacho, kikizidiwa, huvunjika. Historia ya mtu huyu haikamiliki bila kueleza ni kwa nini chuma alichokiachia kazi hiyo hukatika, na ni kwa nini kukatika kwake, mara nyingi, ni afadhali kuliko mambo yaliyokuwapo awali.

KIJANA WA SHAMBANI

Janney alizaliwa Novemba 12, 1831, katika Kaunti ya Loudoun, sehemu ya mashamba kaskazini mwa Virginia. Akiwa kijana alipelekwa kusoma katika seminari ya Cazenovia, jimbo la New York, kisha akarudi nyumbani na kushika kazi ya ukulima. Mwaka 1857 alimwoa Cornelia Hamilton.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka mwaka 1861, Virginia ilijitenga pamoja na majimbo mengine ya Kusini, ambayo yalipigana ili kuendeleza utumwa wa watu weusi. Janney alikuwa upande huo. Alihudumu katika jeshi lililoongozwa na Jenerali Robert E. Lee, akiwa afisa wa kushughulikia ugavi wa chakula, vifaa na usafiri, na akafikia cheo cha meja. Vita vilimalizika mwaka 1865 kwa Kusini kushindwa na utumwa ukapigwa marufuku.

Kama ilivyokuwa kwa wengi wa upande ulioshindwa, Meja Janney hakurejea katika maisha aliyoyaacha. Alihamia Alexandria, mji wa bandari na reli ulio kando ya Mto Potomac, karibu na jiji kuu la Washington. Huko akaajiriwa dukani kupima na kuuza vitambaa.

Marekani ya miaka hiyo ilikuwa ikijenga reli kwa pupa. Mwaka 1869 reli ya kuvuka bara kutoka mashariki hadi magharibi ilikamilika. Vichwa vya magarimoshi vilizidi kuwa na nguvu, mabehewa yakaongezeka, mizigo ikawa mizito. Lakini namna ya kuunganisha behewa na behewa ilibaki ileile ya tangu siku za mwanzo, na ilikuwa ikiwala watu.

PINI NA PETE

Mkulima wa Yamumbi, viungani mwa mji wa Eldoret, aliyewahi kufunga trela ya mahindi nyuma ya trekta anaijua picha hii. Dereva hurudi nyuma polepole. Msaidizi huinua ulimi wa trela, huulenga palipo na tundu, kisha hutumbukiza pini. Trekta ikisogea ghafla kabla hajaondoa mkono, vidole huenda.

Mabehewa ya Marekani yaliunganishwa kwa njia iliyofanana na hiyo. Kila behewa lilikuwa na mdomo wa chuma. Pete ndefu ya chuma iliingizwa katika midomo ya mabehewa mawili, na pini ikatumbukizwa kila upande kuishikilia. Mfanyakazi wa breki alilazimika kusimama katikati ya reli, behewa moja likiwa limetulia na jingine likija, akaielekeza pete kwa mkono ili iingie mdomoni, kisha aondoe mkono kabla ya vyuma kugongana.

Tofauti na trela ni kwamba behewa halikuwa na uzito wa magunia machache. Lilikuwa na tani nyingi, na halikuweza kusimama kwa kupigiwa kelele. Kazi yenyewe ilifanywa mchana na usiku, katika mvua na theluji, mara nyingi kwa zamu moja. Aliyekosea kwa nusu sekunde alipoteza kidole au kiganja. Aliyeteleza alibanwa kifua au kuangukia magurudumu. Ilifika mahali ambapo uzoefu wa mfanyakazi wa reli ulikisiwa kwa kuhesabu vidole alivyokosa.

Katika majimbo ya Kusini, wengi wa wafanyakazi hao wa breki walikuwa watu weusi, baadhi yao wakiwa wametoka utumwani miaka michache tu iliyotangulia. Hivyo afisa wa zamani wa jeshi lililopigania utumwa alikuja kubuni kifaa ambacho kingewakinga wao pia. Hakuna haja ya kumtakasa kwa hilo wala kulificha. Ndivyo mambo yalivyokuwa.

MIKONO MIWILI ILIYOSHIKANA

Wazo la Janney linaweza kuelezwa na yeyote aliye na mikono miwili. Kunja vidole vya mkono wa kulia viwe kama kulabu. Fanya vivyo hivyo kwa mkono wa kushoto. Kisha vishikanishe na uvute. Kadiri unavyovuta ndivyo vinavyozidi kushikana, na havihitaji pete wala pini katikati.

Alipata hataza yake ya kwanza mwaka 1868. Muundo huo ulikuwa na dosari, akaendelea kuchonga. Ule wa mwaka 1873 ndio uliobadilisha mambo. Kila kiungio kilikuwa na kichwa kisichosogea, na pembeni mwa kichwa hicho kikawekwa kifundo kinachozunguka kwenye bawaba, mithili ya kidole kinachokunjika. Mabehewa yakigongana taratibu, kifundo husukumwa ndani, na komeo huanguka kwa uzito wake na kukizuia kisifunguke tena. Kuyatenganisha, mfanyakazi huinua komeo kwa mkono wa chuma uliotokeza ubavuni mwa behewa. Hana sababu ya kuingia katikati.

Urahisi huo ndio uliokuwa thamani yake yote. Kazi iliyohitaji mkono wa mtu mahali pa hatari sasa ilifanywa na uzito wa behewa lenyewe.

Kampuni ya reli ya Pennsylvania, mojawapo ya zile kubwa zaidi nchini humo, ilikifanyia majaribio kiungio hicho katikati ya miaka ya 1870 na kukikubali kwa mabehewa ya abiria. Kiwanda cha McConway & Torley cha mjini Pittsburgh kilianza kuvitengeneza. Hata hivyo, mabehewa ya mizigo, ambako ndiko wafanyakazi wengi walikokuwa wakiumia, yaliendelea kufungwa kwa pini na pete kwa miaka mingi.

Kikwazo kimoja kilikuwa gharama. Kampuni ilipaswa kubadilisha mabehewa maelfu kwa fedha zake, ilhali vidole vya mfanyakazi havikuigharimu kitu. Sheria za wakati huo zilimhesabu aliyeajiriwa katika kazi ya hatari kuwa aliikubali hatari yenyewe, na wengi walioumia waliondoka mikono mitupu.

Kikwazo cha pili kilikuwa kigumu zaidi. Behewa la mizigo halibaki kwa mwenyewe. Husafiri kutoka reli ya kampuni moja hadi ya nyingine, likifungwa leo na jirani huyu, kesho na yule. Kiungio kizuri kisichoshikana na cha jirani hakina faida. Na wavumbuzi walikuwa tele: hataza za viungio zilizosajiliwa nchini humo zilifikia maelfu, kila mmoja akidai chake ndicho bora.

Mwishoni mwa miaka ya 1880, chama cha wakuu wa ujenzi wa mabehewa kilichagua muundo wa aina ya Janney kuwa kielelezo cha wote. Lakini haingewezekana kuzilazimisha kampuni zote kununua kwa mtu mmoja. Hapo ndipo Janney alipofanya jambo ambalo wavumbuzi wengi hawalifanyi. Mnamo 1888 alikubali kuachilia haki yake juu ya mchoro wa nje wa kifundo, yaani ile mikunjo inayokifanya kiungio kimoja kishikane na kingine. Tangu hapo kiwanda chochote kingeweza kutengeneza kiungio cha kushikana na cha Janney bila kumlipa kwa umbo hilo. Aliachia sehemu ya mali yake, na kwa kufanya hivyo umbo lake likawa ndilo la taifa zima.

SHERIA YA 1893

Kukubaliana juu ya umbo si sawa na kulinunua. Aliyezisukuma kampuni ni mtu mwingine, Lorenzo Coffin, mkulima wa jimbo la Iowa aliyekuwa kasisi wa jeshi la Kaskazini katika vita vilevile ambavyo Janney alikuwa upande wa Kusini. Mwaka 1874 Coffin alishuhudia mfanyakazi akipoteza vidole akifunga mabehewa. Tangu siku hiyo hakunyamaza. Aliandika barua, akahutubu makanisani na mikutanoni, na alipoteuliwa kuwa kamishna wa reli katika jimbo lake mwaka 1883 akaanza kukusanya takwimu za walioumia.

Rais Benjamin Harrison naye alilichukua suala hilo. Katika hotuba yake kwa Bunge mnamo Desemba 1889, alieleza kwamba kwa mwaka mmoja tu zaidi ya wafanyakazi 2,000 wa reli walikuwa wameuawa kazini na zaidi ya 20,000 kujeruhiwa, wengi wao wakiwa wafunga mabehewa na watu wa breki. Machi 2, 1893, siku mbili kabla ya kuondoka madarakani, alitia saini sheria iliyozitaka kampuni za reli zinazovuka mipaka ya majimbo kutumia breki za pamoja na viungio vinavyojifunga vyenyewe. Kampuni zilipewa hadi 1898, kisha zikaomba na kuongezewa muda hadi mwaka 1900.

Sheria hiyo ilijaribiwa upesi. Mnamo Agosti 1900, katika jimbo la Utah, mfanyakazi wa breki aliagizwa kufunga kichwa cha garimoshi na behewa la chakula. Kichwa kilikuwa na kiungio cha Janney, behewa lilikuwa na cha mtengenezaji mwingine aliyeitwa Miller. Kila kimoja kilijifunga chenyewe kikikutana na ndugu yake, lakini viwili hivyo havikushikana. Akaingia katikati kuvisaidia kwa mkono, na mkono huo ukapondwa hadi ukakatwa. Mahakama mbili za chini zilimnyima haki. Desemba 1904, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba sheria ilidai viungio vishikane vyenyewe na vile vilivyo mbele yao, wala haitoshi kila kimoja kuwa kizuri kivyake.

Matokeo yalionekana kwa hesabu. Ajali za kufunga na kufungua mabehewa, zilizokaribia 11,000 mwaka 1892, zilikuwa zimeshuka hadi zaidi kidogo ya 2,000 mwaka 1902, ingawa idadi ya wafanyakazi wa reli ilikuwa imeongezeka.

KIDOLE CHA CHUMA HUVUNJIKAJE?

Mkono wa mtu ukishaondolewa katikati, nguvu zote za garimoshi zilibaki juu ya kifundo. Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo wahandisi wanalishughulikia hadi leo: kwa nini chuma kizito namna hiyo hukatika?

Jibu la haraka ni kwamba mzigo ulikuwa mkubwa mno. Mara nyingi jibu hilo si sahihi. Chukua garimoshi la tani 1,000 likipanda mwinuko wa mita moja kwa kila mita 50. Uzito unaolirudisha nyuma ni takriban tani 20. Kiungio cha kwanza, kilicho nyuma ya kichwa, hubeba karibu mvuto huo wote. Cha katikati hubeba nusu. Cha mwisho hubeba behewa moja tu. Kifundo kipya cha chuma cha pua kali kinachotengenezwa siku hizi huweza kuhimili zaidi ya tani 200 kabla ya kukatika. Kwa hesabu hiyo, hakipaswi kuvunjika kamwe.

Kinachokivunja kwanza ni mshtuko. Baina ya kila viungio viwili kuna nafasi ndogo, na nyuma ya kila kimoja kuna springi inayobonyea. Zikijumlishwa katika mabehewa 50, nafasi hizo huwa mita kadhaa. Garimoshi lililobanana likianza kuvutwa, behewa la kwanza huondoka, kisha la pili, kisha la tatu, na kila moja hunyakuliwa na lililo mbele yake. Dereva akiondoka kwa pupa, sehemu ya mbele huwa tayari ina mwendo wakati mkia ungali umesimama, na nafasi ya mwisho inapokwisha, tani mamia hugutuka kwa mara moja.

Aliyewahi kuvuta lori lililokwama kwenye tope jekundu la Uasin Gishu anaelewa. Kamba ikikazwa pole pole kabla ya kuvuta, hushikilia. Ikiachwa ilegee kisha gari likaruka mbele, hukatika kama uzi, ingawa lori ni lilelile na kamba ni ileile. Kwa sababu hiyo kiungio kinaweza kukatika mahali popote katika msururu, si lazima cha kwanza.

Milima huongeza ugumu. Reli inayotoka Nakuru, iliyofika Eldoret mwaka 1924, hupanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, kabla ya kuteremka kuelekea nyanda za Uasin Gishu. Garimoshi refu likivuka kilele kama hicho, mabehewa ya mbele huwa yameanza kuteremka na kuvuta kwenda mbele, ilhali ya nyuma yangali yakipanda na kuvuta kurudi nyuma. Viungio vilivyo kileleni hujikuta kama kamba kati ya timu mbili. Dereva asiyepunguza nguvu kwa wakati, au anayefunga na kufungua breki ghafla, huvitia katika jaribu kubwa.

Sababu ya pili haina kelele. Ni uchovu wa chuma. Waya ukikunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hukatika, japo hakuna mkunjo hata mmoja uliokuwa na nguvu ya kuukata. Kifundo nacho huvutwa na kuachiliwa maelfu ya mara. Penye kona kali, au penye povu dogo la hewa au chembe ya mchanga iliyobaki ndani wakati chuma kiliposubiwa, ufa mwembamba kama unywele huanza. Kila safari huurefusha kidogo. Garimoshi hupita salama mwezi huu na mwezi ujao, hadi siku ambayo chuma kizima kilichobaki hakitoshi tena, na mvuto wa kawaida kabisa hukimaliza.

Wakaguzi huweza kuisoma habari hiyo katika kipande kilichovunjika. Sehemu iliyo nyeusi au yenye kutu ni ufa wa zamani uliokwisha kuingiwa na hewa na maji. Sehemu inayong'aa ni iliyokatika siku hiyo. Kipande chenye kutu kubwa na mng'ao mdogo husema kwamba kosa halikuwa la dereva wa siku ile pekee. Kilikuwa kimekwisha kuvunjika, kikingoja tu mtu wa kukimalizia.

Kuna pia kulika. Vifundo vinavyosuguana hupungua unene, nafasi kati yao huongezeka, na mshtuko huzidi. Behewa ambalo springi zake zimechoka hushuka chini kuliko jirani yake, na viungio viwili visipokutana kimo kimoja hushikana kwa sehemu ndogo tu. Hata uwanjani, mabehewa yakigonganishwa kwa kasi inayozidi mwendo wa mtu anayetembea, nyufa huweza kuzaliwa.

KINACHOVUNJIKA KWANZA

Katika viungio vya aina ya Janney vya siku hizi, kifundo hutengenezwa kwa kusudi kiwe dhaifu kuliko kichwa, shingo na fremu ya behewa. Nguvu zikizidi, kitu fulani lazima kiachie. Kikiachia kifundo, ambacho kina uzito wa karibu kilo 40, wafanyakazi hutoa pini ya bawaba, huweka kingine pale pale njiani na safari huendelea. Ikiachia shingo au fremu, behewa zima haliwezi tena kuvutwa. Ni hekima ileile ya fyuzi ya umeme, ambayo huungua ili nyumba isiungue.

Lakini hekima hiyo haifai bila breki. Garimoshi likikatika mlimani, sehemu ya nyuma hubaki bila kichwa. Juni 12, 1889, karibu na Armagh nchini Ireland, garimoshi la matembezi lililojaa watoto lilishindwa kupanda mlima. Wahudumu waliligawa ili wavute nusu ya kwanza, na mabehewa yaliyoachwa nyuma yakaanza kuteremka hadi yakagongana na garimoshi jingine. Takriban watu 80 walifariki. Breki zilizokuwapo hazikuwa za kujifunga zenyewe mabehewa yanapotenganishwa. Mwaka huo huo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzilazimisha kampuni kuziweka katika magarimoshi ya abiria.

Afrika Mashariki nayo inajua uchungu wa garimoshi linalorudi nyuma. Juni 24, 2002, garimoshi la abiria lilirudi nyuma kwenye mteremko huko Igandu, karibu na Dodoma nchini Tanzania, likagongana na la mizigo. Watu 281 walipoteza maisha.

Ndiyo sababu sheria ya Marekani ya mwaka 1893 ilitaja breki na viungio kwa pamoja. Kwa breki za hewa zinazojifunga, mabehewa yakiachana mipira ya hewa huchomoka, shinikizo huisha, na breki hushika katika vipande vyote viwili vya garimoshi. Kiungio huruhusiwa kuvunjika kwa sababu breki ipo kulidaka behewa. Breki zikiwa mbovu, kifundo cha kilo 40 huweza kugharimu roho za watu.

MWISHO WA SAFARI

Janney aliishi kuona kazi yake ikienea kote nchini mwake. Alifariki Juni 16, 1912, mjini Alexandria, akiwa na umri wa miaka 80. Coffin, aliyekuwa upande wa pili vitani na upande mmoja naye katika suala la mikono ya wafanyakazi, alimfuata mwaka 1915.

Umbo lililochongwa kwa kisu liliendelea kusafiri. Mwaka 1925, Japani ilibadilisha viungio vya mabehewa yake ya reli kuu kuwa vya kujifunga, baada ya miaka ya maandalizi na kwa operesheni ya siku chache tu. China nayo inatumia aina hiyo kwa mabehewa ya mizigo, na kutoka huko ndiko ilikofika katika SGR ya Kenya. Ulaya, kwa upande wake, iliendelea na kulabu na skrubu zinazofungwa kwa mkono, na hadi leo mabehewa mengi ya mizigo barani humo yanahitaji mtu aingie katikati.

Chuma kimekuwa bora kuliko cha enzi za Janney, na magarimoshi yamekuwa mazito kuliko alivyoweza kuwaza. Vifundo vingali vikivunjika: milimani, viwanjani, na nyakati nyingine mahali tambarare ambapo hakuna aliyetarajia. Kila kimoja huacha kipande cha kuokotwa na kuchunguzwa, na mfanyakazi hulazimika kubeba kingine begani kando ya reli gizani. Hubeba kwa mikono miwili yenye vidole kumi.